Gari Moja Litoke Msufini Peke Yake

Mgeni rasmi, Senhora Engenheira Lénia, mhandisi na msimamizi wa mpango mpya wa barabara za mji wetu,

Kabla ya salamu, turuhusu tuanze na maneno ya jirani, maana tukiyaacha, haya mengine yataonekana yameanzia katikati.

Mama Benvinda, anayekaanga vitumbua pale njiapanda, anadai kwamba asubuhi ile watu wa kuhesabu magari walipokuja, mmoja wao alishika kiuno, akatazama barabara iliyojaa magari kutoka msikitini mpaka kwa fundi baiskeli, akamuuliza, "Mama, mji mdogo hivi, magari yote haya yanalala wapi?" Mama Benvinda anadai jibu alikuwa nalo. Alitaka kumwambia, "Mwanangu, rudi watu wakishakunywa chai, hutaona hata moja." Lakini mafuta yalikuwa motoni na wateja wamemsimamia, akamwambia tu, "Kula kitumbua." Yule kijana akala kitumbua, akaendelea kuhesabu.

Wako wanaosema Mama Benvinda hakuulizwa kitu, anajitia tu kwenye habari. Yeye anasema wanaombishia hawakuwepo, walikuwa ndani ya hayo magari. Sisi hatuamui. Tunalolijua ni kwamba asubuhi ile ndiyo iliyotukusanya leo chini ya turubai hili.

KARIBU

Sasa salamu. Assalam aleikum, na bom dia, na Bwana asifiwe kwa ndugu zetu waliotelemka kutoka uwanda wa juu na kujenga pamoja nasi. Senhora Engenheira, karibu Msufini. Tumeifagia barabara kwa ajili yako, ingawa tunajua umekuja kuitazama ilivyo. Kiti ulichokalia kimetoka nyumbani kwa Mzee Ussumane. Ukisikia kinalia usishtuke, hakivunjiki, ndiyo tabia yake.

Tuliokaa kuandika maneno haya wengi wetu tuliishia primária, shule ya msingi. Mengine tumeyaandika kama tunavyoyasema tukiwa kisimani. Dalila tumemchagua asome kwa sababu hana haraka, na kwa sababu alikuwepo kila lilipotokea jambo, amekaa pembeni anatazama. Pale tutakapokosea, tunaomba usikilize kile tulichotaka kusema.

TULIKOTOKA

Njiapanda ya Msufini ni pale inapokutana barabara inayopanda kutoka soko la samaki na ile inayokwenda Pundanhar. Zamani chapa, haya magari yetu ya abiria, zilikuwa zikiondoka abiria wakitosha, na wasipotosha dereva aliondoka hivyohivyo amenuna. Moja ilitoka alfajiri, nyingine jua likishapanda, nyingine baada ya sala ya adhuhuri. Mtu aliyechelewa hakuwa na wasiwasi, alikaa kwa Mama Benvinda akangoja ijayo. Hakuna aliyeijua foleni. Neno lenyewe tulilisikia kwa watu waliotoka Maputo.

Kisha likatupata lililotupata. Hatutalisimulia hapa. Unalijua, na kila aliyekaa chini ya turubai hili ana lake. Tulitoka kwa miguu tukipita njia ya mashamba, wengine wakashika njia ya Nhica do Rovuma wakavuka mto, wengine wakafika mji wa Pemba kule kusini, na wengine hatukujua walikofika.

Tulipoanza kurudi, safari ilikuwa ni ya msafara. Gari la askari mbele, gari la askari nyuma, sisi katikati, na hakuna kumwacha mtu wala kumpita mtu. Mama mmoja akitaka kujisaidia, magari yote yalisimama, watu wakatazama upande mwingine kwa heshima, kisha tukaendelea. Msafara ndio uliotuleta nyumbani, kwa hiyo hatuusemi vibaya. Tuliupenda. Ukiwa ndani yake ulikuwa ukitazama mbele unaona watu, ukigeuka nyuma unaona watu.

Amri ile imekwisha. Askari wenyewe walikuja hapa njiapanda wakatangaza kwamba barabara ya Pundanhar iko wazi, kila mtu aende kwa saa yake na arudi kwa saa yake. Tulipiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Asubuhi iliyofuata tukapanga mstari kama kawaida.

Na ndivyo tulivyo mpaka leo. Chapa, malori ya mihogo, pikipiki, mwenye safari ya kwenda Pundanhar na mwenye safari ya kwenda nusu yake, wote wanangojana pale njiapanda mpaka wa mwisho afike, ndipo watoke pamoja. Jioni wanangojana huko huko, wanarudi pamoja. Asubuhi huwezi kuvuka barabara, na jioni huwezi kuvuka barabara. Katikati ya hapo mbuzi wanalala barabarani. Watoto waliozaliwa miaka ile wakicheza na magari yao ya makopo hawashindani. Wanayapanga mstari, wa mbele anamsubiri wa nyuma.

Sasa turudi kwa watu wa kuhesabu. Walikuja na fulana za kung'aa, wakasimama kando ya barabara, kila mmoja ana kidude mkononi anakibonyeza gari likipita. Hakuna aliyetuambia wamekuja kufanya nini, na sisi hatukuuliza. Zamani za msafara, mtu mwenye fulana ya kung'aa ndiye aliyekuwa akiandikisha magari yatakayoondoka, na gari asiloliona yeye liliachwa. Basi tulipoziona zile fulana, tukajua tunavyojua sisi. Mwenye safari akapita mbele yao. Asiyekuwa na safari naye akatoa gari akapita, asije akakosa nafasi siku akiwa nayo. Sérgio, anayebeba mchanga, alipita, akaona yule kijana hakumtazama vizuri, akazunguka nyuma ya msikiti akapita tena, safari hii anapunga mkono. Mwenyewe yuko hapa, anasema alizunguka mara moja tu. Wanaomjua wanacheka.

Mzee Ussumane ana gari lisilo na injini. Wajukuu zake walilisukuma mpaka barabarani, yeye ameshika usukani, likapita. Nalo likahesabiwa.

Senhora Engenheira, hatukukusudia kudanganya mtu. Tulikuwa tunaomba tusiachwe.

TULIYOFANYA

Hatukukaa tumekunja mikono, na tungependa uyaone haya kwa macho yako kabla hujaondoka.

La kwanza ni la watoto. Shule iko ng'ambo ya barabara. Msafara ukianza kutoka hausimami, kwa sababu gari likisimama litaachwa, na dereva aliyeachwa hana amani. Watoto walikuwa wakisubiri mpaka gari la mwisho lipite, wanafika shuleni mwalimu amekwisha kufuta ubao. Basi kina mama wakaamua. Kila asubuhi wawili wanasimama, mmoja upande huu na mmoja upande ule, wanatandaza capulana, ile kanga ya huku kwetu, katikati ya barabara kama pazia la mlango. Magari yanasimama, watoto wanavuka, pazia linafunguliwa.

Siku ya kwanza kulikuwa na kelele. Ernesto, mkubwa wa madereva, alitoa kichwa dirishani akasema, "Nyinyi wanawake, mkinikatia msafara mnaniua."

Fátima, aliyekuwa ameshika pembe ya capulana, akamjibu, "Basi kufa hapohapo ulipokaa, baba, watoto wanapita."

Ernesto alinuna siku kadhaa. Kisha asubuhi moja akashuka garini na capulana mpya, akampa Fátima bila kumtazama. Alisema ile ya zamani imetoboka mpaka anamwona mwalimu upande wa pili, na dereva hawezi kusimamishwa na matundu.

La pili, magari makubwa hayashuki tena sokoni pwani. Tulikaa na vijana wa chopela, haya magari ya magurudumu matatu, tukakubaliana wao ndio washuke kuchukua kina mama na ndoo zao za samaki, wawalete juu. Kituo chao tumekitoa kwenye kona tukakiweka kwenye kivuli cha ukuta wa tanuri la mikate. Wanatoka mmoja mmoja, aliyetangulia kufika anatangulia kuondoka. Mwanzoni waligombana kidogo. Sasa wanagombana kuhusu mpira tu. Kwa hiyo, ndani ya mji, kutoka mmoja mmoja tumekwisha kujifunza. Ni barabara ile ya kwenda nje ndiyo inayotushinda.

YANAYOTUSUMBUA

Mchoro wa mpango mpya tulionyeshwa, ulibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya bairro, ya mtaa wetu, na watu walikwenda kuutazama kama picha ya harusi. Ni mzuri. Barabara pana kwenda, barabara pana kurudi, miti katikati na taa. Taa tumezipenda sana. Lakini tulielezwa kwamba kwa hesabu ya magari yaliyopita siku ile, barabara yetu ni nyembamba, lazima ipanuliwe, na itapanuliwa upande wa nyumba za zamani. Kisha wakaja vijana wa rangi, wakaweka alama nyekundu kwenye kuta.

Hatuikatai barabara. Wengi waliowekewa alama wamesema wakipewa kiwanja watahama. Mama Benvinda mwenyewe alisema, "Tulihama bila hata sufuria. Kuhama na sufuria kutatushinda?" Kwa hiyo usidhani umekuja kwa watu wanaokumbatia matofali.

Ila iko nyumba moja. Ukigeuza shingo kidogo utaiona, ile yenye kibaraza kifupi na alama karibu na dirisha. Ni ya Mama Atija.

Mama Atija alikuwa na kijana wake, Carimo, aliyekuwa akitengeneza simu hapa njiapanda. Siku ya kukimbia walitoka pamoja. Walipofika mwisho wa mashamba, pale njia inapoingia msituni, watu walikuwa wengi na kila mtu anaita wake. Carimo alimpa mama yake begi lake, akarudi nyuma kumsaidia mtu aliyekuwa amebeba mgonjwa. Alimwambia, "Mama, tukipotezana, tukutane nyumbani." Walipotezana.

Mama Atija alirudi Msufini miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa. Nyumba haikuwa na paa wala mlango. Tulimshauri aisogeze kidogo, aigeuze ipate upepo wa bahari. Alikataa. Aliijenga palepale, na mlango akauweka ulipokuwa. Hasemi kwamba Carimo yuko hai na hasemi kwamba hayupo. Mtu akianza kumsimulia kwamba amemwota Carimo, anaondoka. Anafagia kibaraza, anapika, anakaa. Tangu arudi hajasafiri. Dada yake yuko Pundanhar, aliozesha binti, Mama Atija hakwenda. Dada huyo alifiwa na mume, Mama Atija alilia akiwa hapahapa, akatuma mchele. Anaogopa akitoka, mtu atafika akute mlango umefungwa.

Vijana wa rangi walipofika kwake aliwapa maji ya kunywa, kwa sababu jua lilikuwa kali. Walipomaliza kuandika alama yao akawauliza kama wamemaliza, akafagia rangi iliyodondoka.

Tulifanya mkutano kwenye ua wa Mzee Ussumane. Kila mtu alisema, wengine walisema mara nyingi. Mama Atija alingoja mpaka watu walipoanza kuchoka, ndipo akauliza, "Hiyo barabara mpya itakuwa na vibao?"

Custódio, fundi baiskeli, anayependa watu wacheke, akasema, "Vitakuwa vingi, mama, mpaka mbuzi watajua pa kupinda."

Tukacheka. Yeye akangoja tumalize. "Basi naomba kimoja kiandikwe nilikohamia," akasema.

Custódio alitazama vidole vyake. Na nadhani, Senhora Engenheira, tusamehe kwa kusema "nadhani" katika risala ya watu wengi, nadhani ndipo tulipoanza kuambiana ukweli. Mzee Ussumane alisema barabara yetu si nyembamba. Gari moja likipita na jingine likipita, na nafasi ya punda inabaki. Inakuwa nyembamba tunapotaka kupita wote kwa pumzi moja. Tukitoka kila mtu kwa saa yake, barabara iliyopo inatutosha, na nyumba haina sababu ya kuvunjwa.

Wote waligeuka kumtazama Ernesto, maana madereva humfuata yeye.

"Mnanitazamia nini?" akasema. "Mimi siogopi. Ni gari ndilo linaloogopa. Likifika mwisho wa mashamba linataka kuzima lenyewe."

Dulce, mkewe, akamuuliza, "Na ni hilo gari linaloniminya mkono tukifika pale?"

Ernesto akasema mambo ya nyumbani hayaletwi mkutanoni. Lakini alicheka, na akakubali kujaribu. Tulipanga kwamba kesho yake atatoka wa kwanza, peke yake. Wa pili atoke Ernesto akishapotea machoni na chai imenyweka, na wa tatu vivyo hivyo.

Tulijipanga kando ya barabara kumuaga Ernesto kama bwana harusi. Akaondoka. Tukaona vumbi lake, kisha hatukuona vumbi lake. Sérgio akanywa chai, akaondoka. Wa tatu akanywa chai, akaondoka. Barabara ya Msufini ilikuwa tulivu, watoto walivuka bila capulana, na Mama Atija alisimama kibarazani kwake akitazama huku na huku kama mtu aliyeingia chumba kilichohamishwa vyombo.

Jua lilipopanda, kina mama waliokuwa wakitoka kuchimba mihogo wakatuletea habari. Magari yote yako mwisho wa mashamba, yamepanga mstari. Ernesto alikuwa amesimama pale kuangalia tairi. Wa pili alimkuta, akasimama kumsaidia kuangalia. Wa tatu alisimama kuwauliza kuna nini. Walipokwisha kuliangalia lile tairi moja wote kwa pamoja, wakapanda wakaondoka, wa nyuma akimfuata wa mbele. Msafara ulikuwa haujavunjika. Ulikuwa umehama tu kutoka njiapanda.

Tuliwatania siku nzima, na tairi la Ernesto sasa lina jina. Lakini hatuwalaumu. Pale mwisho wa mashamba ndipo wengi wetu tulipowaona watu wetu mara ya mwisho. Mguu wenyewe unakwenda kwenye breki. Hata sisi abiria, gari likipunguza mwendo pale, hakuna anayeuliza kwa nini.

TUNAYOOMBA

Tunaomba watu wa kuhesabu warudi. Safari hii watuambie mapema wamekuja kufanya nini, nasi tutatangaza msikitini na kanisani. Gari la Mzee Ussumane litabaki uani na wajukuu zake watakuwa shuleni. Sérgio ameahidi kukaa kwa Mama Benvinda mpaka wamalize, na Mama Benvinda ameahidi kumkalia. Wahesabu siku ambayo tumetoka mmoja mmoja, waone barabara yetu ilivyo tukiwa hatuogopi.

Tunaomba mpaka hesabu hiyo ipatikane, alama nyekundu zibaki kuwa rangi tu.

Na katika ule mchoro mzuri, kama inawezekana, tupewe kwanza vile vidogo. Mistari myeupe ya kuvukia mbele ya shule, ili kina mama wakunje ile capulana waivae. Kituo cha chapa chenye paa na benchi, na kibao cha saa za kuondoka, ili abiria ajue kwamba likiondoka hili, jingine linakuja. Tunaamini mtu akijua jingine linakuja, hatagombania hili. Na taa, hata kama ni chache. Tumekwisha kusema tumezipenda.

Sasa limebaki ombi moja, na hili tulilibishania kuliko yote. Wengine walisema ni utovu wa adabu kumwambia mgeni. Wengine walisema mgeni huyu ni mama, atatuelewa. Tumeliandika, tukalifuta, tukaliandika.

Leo ulipofika, magari yalikutangulia na magari yalikufuata. Watoto waliyahesabu wakafurahi, walidhani ni msafara wa askari umerudi. Hatulaumu wala hatucheki. Tunajua una watu nyumbani wanaokusubiri ule nao chakula, na waliokupa ulinzi wamefanya vizuri kukupa. Lakini tulipokaa na madereva kuwatia moyo, walitujibu neno moja. Walisema, "Hata wakubwa hawaendi peke yao." Ernesto alilisema taratibu, bila ukali, kama mtu anayeuliza.

Basi tunaomba hivi. Tukishakula, gari moja litoke Msufini peke yake kwenda Pundanhar, gari la Ernesto, nawe ukae mbele karibu naye. Magari yako mengine yabaki hapa kivulini na watu wako wabaki nasi. Wali upo na samaki wapo, hawatajuta. Hatuombi umwendeshee. Hatuombi hotuba. Tunaomba mfike mwisho wa mashamba, na mpapite bila kusimama. Madereva wote watakuwa wamesimama hapa njiapanda wakitazama vumbi lenu, na watangoja. Mkirudi jioni, kesho atatoka mwingine bila kuambiwa. Sisi tunawajua.

Ernesto ameapa kwamba gari halitazima ukiwa ndani. Dulce amesema ataamini akiona, na yeye anapanda.

Mama Atija naye anakwenda. Hatukumwomba. Jana alikuja mwenyewe kwenye ua wa Mzee Ussumane, akasema kama kuna gari litapita pale bila kusimama, na yeye awemo. Alisema hana neno na alama ya ukutani, mwenye kuamua ataamua, lakini asije akasemwa kwamba wenzake walikwenda na hofu yao kwa ajili ya mlango wake na yeye amekaa nyuma ya mlango. Aliuliza kitu kimoja tu, nani atakaa kibarazani. Dalila, anayekusomea hapa, amesema atakaa yeye. Atakaa na mlango wazi mpaka gari lirudi. Anamjua Carimo kwa sura na anamjua kwa mwendo, hata akitokea mbali hatampoteza. Kwa sasa Fátima yuko pale anamshikia nafasi. Tukimaliza kusoma, Dalila anakwenda.

Senhora Engenheira, tunakushukuru kwa kutusikiliza bila kutazama saa. Tulikuwa tunakuangalia, hukuitazama. Mwenyezi Mungu akubariki katika kazi ya kuchora njia za watu. Awatunze unaowaacha nyumbani kila unaposafiri, akurudishe kwao salama kwa mlango wanaoujua. Aubariki mji wetu, waliomo na walio njiani.

Wali unapakuliwa. Mama Atija hakutaka kungoja chakula, amesema atakula kwa dada yake. Tangu tulipoanza kusoma amekaa ndani ya gari la Ernesto, nyuma ya kiti cha dereva, dirisha liko wazi, amejifunga mtandio wa safari. Kiti cha mbele tumekipangusa, hakuna aliyekikalia.

Utakwenda naye?

Ni sisi,
Umoja wa Wakazi na Madereva wa Njiapanda ya Msufini